Mali Bila Daftari: Somo kwa Makatibu na Waweka Hazina wa Vikundi



Wengi wenu mmetuuliza swali moja, wengine kwa barua na wengine kwa mdomo baada ya mikutano: "Tutawekaje kumbukumbu na hatuna vifaa?" Katibu mmoja alituambia kwamba ofisi yake ni begi kuukuu la shule la mtoto wake. Mwingine huandikia barua za kikundi kwenye meza ile ile anayokatia sukuma wiki. Hata sisi katika ofisi ya maendeleo ya parokia tunaijua shida hii. Kwa miaka mingi tulihudumia vikundi 23 hapa Ukambani, vya maji, vya mbuzi, na vya mwethya wa kuchimba matuta, tukiwa na kabati moja la chuma, na droo yake ya chini ilikataa kabisa kufunguka.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza kwamba si mali tu inayopotea. Jina la mtu nalo hupotea. Kabla ya kuingia katika somo, wacha tuwaambie jinsi sisi wenyewe tulivyolipoteza jina la mama mmoja.

KISA CHETU

Mwaka wa 2009 ukame ulikuwa mkali. Watu walipanga foleni ya maji tangu saa tisa za usiku. Kikundi kimoja kilikuwa na kisima chenye injini, na katikati ya shida hiyo injini ikaharibika. Mweka hazina wao, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alichukua pesa za kikundi akaenda mjini, akanunua vipuri na kumlipa fundi. Jumla ilikuwa shilingi 18,600. Siku ya nne maji yakatoka tena.

Wiki hiyo hiyo alituletea risiti, kwa maana tulikuwa tunawaandikia wafadhili ripoti. Tulizipokea, tukamshukuru, tukamwambia, "Mama, wacha hapo mezani, tutaziweka." Hatukuandika popote kwamba zimefika, wala hatukumpa karatasi ya kuonyesha kwamba ameleta. Naye hakubaki na nakala, kwa sababu kijijini hapakuwa na mashine ya kutoa nakala. Daftari lake lilikuwa ni vipande vya karatasi ndani ya mfuko wa unga.

Mwaka uliofuata kikundi kilichagua kamati mpya, nayo ikaomba hesabu. Mama akasema risiti ziko parokia. Watu watatu wakaja kwetu. Tulitafuta asubuhi nzima, hatukuona kitu. Mwishowe tukawaambia, "Labda hakuzileta." Hilo neno "labda" ndilo lililommaliza. Katika mkutano aliitwa mwizi mbele ya wakwe zake. Aliuza mtamba wake, akalipa zile shilingi 18,600, kisha akaacha kikundi.

Miezi 14 baadaye, tukihamisha makaratasi kwa sababu paa lilikuwa linavuja, tulizipata risiti zake. Zilikuwa ndani ya faili ya kikundi kingine chenye jina linalofanana na la kwao. Tulikwenda kijijini, tukasimama mbele ya watu wale wale, tukasema kosa ni letu. Kikundi kilimrudishia pesa zake. Lakini mtamba yule alikuwa ameshazaa kwa mwenyewe mpya, na yule mama hajarudi kuketi katika mikutano yao mpaka leo.

Ndugu msomaji, hapo hakuna aliyeiba hata senti moja. Kilichokosekana ni mstari mmoja katika daftari na sahihi moja. Vitu hivyo viwili havihitaji stima wala kompyuta. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. MADAFTARI MANNE

Kikundi cha kawaida kinaweza kufanya kazi vizuri kikiwa na madaftari manne. Kama pesa zipo, nunueni kaunta buku zenye jalada gumu. Kama hazipo, daftari la shule la kurasa 200 lililofunikwa kwa katoni litafaa. Msichanganye kazi mbili katika daftari moja, kwa sababu siku mkihitaji kumkabidhi mtu moja mtalazimika kumpa yote.

La kwanza ni rejista ya wanachama: jina, nambari ya kitambulisho, siku aliyojiunga, nambari ya simu, na jina la mtu wa karibu wa kuitwa kukitokea jambo. La pili ni daftari la pesa. La tatu ni daftari la kumbukumbu za mikutano. La nne, ambalo vikundi vingi hawana na ambalo hata sisi hatukuwa nalo, ni daftari la karatasi zinazoingia na zinazotoka.

Kabla ya kuandika lolote, pigeni nambari kurasa zote kuanzia 1. Kisha andikeni katika ukurasa wa kwanza: "Daftari hili lina kurasa 200," na mwenyekiti na katibu watie sahihi. Kuanzia hapo ukurasa ukichanwa utajulikana. Tumieni kalamu ya wino, si penseli. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, andika lililo sahihi kando yake, utie sahihi. Usifute kwa dawa nyeupe. Kosa linaloonekana halimtishi mkaguzi. Kinachomtia shaka ni doa jeupe.

2. DAFTARI LA PESA

Chora mistari upate sehemu sita: tarehe, maelezo, nambari ya risiti au vocha, zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki. Huo ndio msingi. Tuchukue mfano wa kikundi chenye kioski cha maji. Pesa zilizokuwa mkononi mwanzo wa mwezi ni shilingi 3,450.

Tarehe 2, mauzo ya maji: zimeingia 1,260. Zimebaki 4,710.
Tarehe 5, michango ya wanachama 15, kila mmoja 200: zimeingia 3,000. Zimebaki 7,710.
Tarehe 6, dizeli ya injini: zimetoka 2,100. Zimebaki 5,610.
Tarehe 7, mshahara wa mwuzaji maji: zimetoka 2,500. Zimebaki 3,110.
Tarehe 8, zimepelekwa benki: zimetoka 2,000. Zimebaki 1,110.

Sasa fungua kijisanduku uhesabu pesa zenyewe. Wacha tuseme umepata 1,060. Shilingi 50 hazipo. Usizitoe mfukoni mwako kuziba pengo, na usibadilishe mstari ulioandikwa. Keti ukumbuke. Hapa utakuta kwamba ile tarehe 8 ulilipa bodaboda shilingi 50 kwenda benki na hukuandika. Iandike sasa, kwa tarehe ya leo, useme ni nauli ya tarehe 8. Ukifanya hesabu hii kila wiki utatafuta shilingi 50 ya juzi. Ukingoja mwaka uishe utatafuta maelfu ambayo hakuna anayekumbuka yalikokwenda.

Kila pesa inayoingia mwenye kuitoa apewe risiti, na nakala ya kaboni ibaki kitabuni. Kila pesa inayotoka iwe na karatasi yake. Mara nyingi tunasikia, "Lakini mwenye punda hatoi risiti!" Ni kweli, mwenye punda hana kitabu cha risiti, na aliyekuuzia mchanga pia hana. Kwa hivyo andika wewe vocha kwa mkono: tarehe, kiasi, kazi iliyofanywa, jina la aliyelipwa, na sahihi yake au alama ya kidole gumba. Shahidi mmoja naye atie sahihi. Vocha ya namna hiyo ni bora kuliko maelezo marefu mbele ya kamati.

Tena, mwenye kushika pesa asiwe ndiye mwenye kuidhinisha matumizi. Mweka hazina ashike, mwenyekiti na katibu waidhinishe. Utaratibu huu si wa kumshuku mtu. Humlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote.

3. PESA ZA SIMU

Tangu M-Pesa ianze hapa Kenya mwaka wa 2007, michango mingi inakuja kwa simu. Ni msaada mkubwa, lakini umeleta shida mpya. Wanachama hutuma kwa simu ya mweka hazina, na pesa za kikundi zinachanganyika na karo ya watoto wake. Baada ya miezi miwili hata yeye mwenyewe hajui ipi ni ipi.

Njia nzuri ni kikundi kuwa na akaunti ya benki au nambari yake cha kulipia, yenye jina la kikundi. Kama bado hamjafika hapo, angalau tengeni laini moja ya simu ambayo ni ya kazi ya kikundi tu, na ukurasa wake peke yake katika daftari la pesa. Msiandike pesa za simu pamoja na pesa taslimu, la sivyo hesabu ya kijisanduku haitakubali kamwe.

Ujumbe ukifika, uandike siku hiyo hiyo: tarehe, jina la aliyetuma, kiasi, na ile nambari ya herufi na tarakimu 10 inayokuja na kila malipo. Nambari hiyo ndiyo risiti yenu. Andika pia mchango ni wa nini, kwa sababu ujumbe hausemi kama ni wa mwezi au wa mazishi. Na ukitoa pesa kwa wakala, ada ya kutoa iandikwe kama matumizi. Wengi huisahau, kisha wanashangaa hesabu inapopungua kidogo kidogo.

Usitegemee ujumbe kukaa ndani ya simu. Simu huibwa, huanguka majini, na watoto hufuta. Mkipoteza ujumbe, mwenye laini anaweza kuomba taarifa ya malipo kutoka kwa kampuni ya simu. Nambari ya siri haiandikwi katika daftari lolote.

4. KARATASI ZINAZOINGIA NA ZINAZOTOKA

Hapa ndipo sisi tulipoanguka, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Karatasi yoyote ikifika, iwe barua, risiti au fomu, ipewe nambari na iandikwe kabla haijawekwa mezani. Sehemu za daftari hili ni: nambari, tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, imewekwa faili gani, na sahihi ya aliyeleta. Kama ni risiti, andika kiasi chake. Kisha mwenye kuleta apewe kipande cha karatasi chenye nambari ile ile na sahihi yako. Kazi hii yote ni dakika mbili. Kama ile siku tungefanya hivyo, wale watu watatu walipokuja tungefungua daftari tu. Hata kama risiti zenyewe hazionekani, ungekuwapo mstari wa kusema: tumepokea, shilingi 18,600, sahihi yetu hii hapa.

Karatasi ikitoka ofisini, hata kwa saa moja, iandikwe ni nani ameichukua. Na mahali ilipotoka katika faili weka kikaratasi chenye jina lake.

Jambo la pili ni faili. Msitegemee majina ya vikundi, maana yanafanana mno. Ukihesabu vikundi vinavyoitwa "Umoja" na "Tumaini" katika tarafa moja utachoka. Kipeni kila kikundi nambari. Kisha gaweni karatasi zake katika mafungu matatu: A ni barua, B ni pesa, C ni mikutano. Risiti ya kikundi nambari 14 itaandikwa 14/B juu kulia kwa wino. Hata ikianguka chini, yeyote atakayeiokota atajua kwao ni wapi.

Nanyi wa kikundi kimoja mnaweza kufanya vivyo hivyo kwa miradi yenu: 1 ni kisima, 2 ni mbuzi, 3 ni miche.

5. KABATI LISILOKUWAPO

Sasa twende kwa vifaa. Katoni ya biskuti au ya mafuta ya kupikia, ikikatwa upande mmoja kwa mshazari, ni sanduku zuri la kusimamisha faili. Jalada la faili linaweza kukatwa kutoka katoni nyingine. Kama hamna mashine ya kutoboa, toboeni kwa msumari mfunge kwa uzi au kamba ya kiatu. Pini na stepla zinashika kutu na kula karatasi, kwa hivyo kwa karatasi za kukaa miaka mingi uzi ni bora.

Maadui ni watatu: maji, mchwa na panya. Msiweke katoni sakafuni. Ziinueni juu ya mawe au mbao, na muache nafasi ya kiganja kati ya katoni na ukuta, kwa sababu mchwa hupanda kwa ukuta. Angalieni mabati yanavuja wapi kabla ya mvua, si wakati wa mvua. Wengine huweka majani makavu ya mwarobaini, na si vibaya, lakini dawa ya hakika ni kuzishusha katoni na kuzitazama kila mwezi. Mchwa anapenda mahali pasipoguswa.

Kuna adui wa nne ambaye wengi hawamjui. Zile risiti laini zinazotolewa na mashine za madukani na za benki huchapwa kwa joto, wala si kwa wino. Zikikaa juani au mahali pa joto maandishi hufifia, na baada ya muda unabaki na karatasi nyeupe. Toa nakala wiki ile ile. Kama nakala haiwezekani, andika yaliyomo katika vocha na uiambatanishe.

Wenye simu za kupiga picha wapige picha za kurasa za daftari mwisho wa kila mwezi, na picha hizo zikae katika simu za watu wawili. Wenye kompyuta, sawa, itumieni, lakini wekeni nakala katika flashi inayokaa nyumba nyingine, na kila mwezi chapisheni ukurasa wa hesabu muutie sahihi. Tumeona vikundi vilivyopewa kompyuta vikaacha madaftari, na siku kompyuta ilipokufa vikabaki bila hesabu hata ya mwezi mmoja.

6. KUMBUKUMBU ZA MIKUTANO

Msijaribu kuandika kila neno lililosemwa. Andikeni tarehe na mahali, waliohudhuria, waliotoa udhuru, kila jambo lililoamuliwa, nani atalitekeleza, na lini. Kama ni la pesa, kiasi kiandikwe. Zisomwe mkutano unaofuata, zisahihishwe, kisha zitiwe sahihi na mwenyekiti na katibu. Kumbukumbu zisizo na sahihi ni hadithi tu.

Kazi hii ina faida nje ya kikundi pia. Usajili wa vikundi hivi sasa unafuata Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022. Mkienda katika ofisi ya maendeleo ya jamii mtaulizwa katiba, orodha ya wanachama na vitambulisho vyao, na kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi. Kikundi chenye madaftari hutoka hapo siku hiyo. Kisicho nayo hurudi nyumbani kuanza kukusanya sahihi.

7. SIRI ZA WATU

Rejista yenu ina nambari za vitambulisho na za simu, na pengine habari za mgonjwa aliyeomba msaada. Hizo si za kuachwa mezani wala za kubandikwa ukutani. Tangu mwaka wa 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data, na hata kama isingekuwapo, heshima inatosha. Hesabu za kikundi zisomwe wazi mbele ya wote. Shida za nyumba ya mtu zifungiwe.

8. KAZI IKIKULEMEA

Mwisho tuseme na katibu mwenyewe. Wengi wenu hamlipwi. Mnatoka shambani jioni mkikuta barua tatu na watu wawili mlangoni. Kazi ya karatasi hailemei kwa ugumu wake, inalemea kwa kurundikana. Chagua robo saa kila jioni, au baada ya kila mkutano kabla watu hawajatawanyika. Katika robo saa hiyo andika pesa za leo, karatasi za leo, na kazi ya kesho. Usiseme, "Nitaandika Jumamosi." Jumamosi kuna soko na kuna mazishi.

Ombeni pia msaidizi. Kijana aliyemaliza shule anaweza kupiga nambari kurasa na kuandika rejista. Hivyo atajifunza, na siku katibu akiugua kazi haitasimama. Viongozi wakibadilika, makabidhiano yaandikwe: madaftari mangapi, ukurasa wa mwisho ni upi, pesa kiasi gani zimehesabiwa mbele ya nani. Anayekabidhi na anayepokea wote watie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Mtu aliyetumikia kikundi kwa uaminifu anastahili kwenda nyumbani na karatasi hiyo mkononi.

Siku hizi daftari letu la karatasi zinazoingia linakaa juu ya meza, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili lisiondoke. Kila anayeleta risiti hutia sahihi, hata padre. Wageni wengine wanaona tunapoteza muda. Hatuwalaumu. Hawakuwapo ile asubuhi tuliposema "labda".

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkaguzi akija leo, tunaweza kumwonyesha nini kwa kila shilingi iliyotoka mwezi uliopita?
2. Mweka hazina wetu akisingiziwa, ni karatasi gani itakayomtetea? Iko wapi, na ni nani mwingine anayejua ilipo?
3. Kati ya madaftari manne, sisi tuna mangapi? Lililokosekana tutalianza siku gani?
4. Pesa zinazotumwa kwa simu, tunaziandika wapi?
5. Je, katika kikundi chetu yuko mtu aliyeondoka na doa ambalo halikuthibitishwa? Tutafanya nini juu yake?

Tunawaomba mlijadili swali la tano bila haraka.